Nyasi Bandia Uani: Anza na Maji

Msikilizaji uliye Mwanga, Kibirizi au Ujiji, nyasi bandia tumezizoea viwanjani, kama Kaitaba kule Bukoba na Nyamagana jijini Mwanza. Leo tunazileta uani, kwa anayetaka kijiwanja cha gofu cha kusukumia mpira taratibu hadi shimoni.

Kazi kubwa iko chini ya zulia la nyasi hizo. Mji wetu ni wa vilima, na maji ya masika hushuka kwa kasi kuelekea ziwani. Ondoa udongo wa juu sentimita 10 hadi 15, jaza kokoto ndogo, mwagia maji kidogo, shindilia tabaka kwa tabaka. Acha mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, maji yaende mbali na ukuta wa nyumba. Shimo liwe na kipenyo cha milimita 108, kipimo kile kile cha viwanja vikubwa duniani. Kisha tandaza zulia, nyasi zilalie upande mmoja, gundisha maungio, nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa. Mchanga huo usichotwe ufukweni, tafadhali.

Na hili nakuomba sana: vipande na nyuzi za plastiki visifike mtaroni. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoa maji, Lukuga, upande wa Kongo. Uchafu ukishaingia hukaa humo muda mrefu mno.

Jua la mchana hupasha plastiki joto kuliko nyasi hai, kwa hiyo watoto wavae viatu au wacheze jioni.