Taa ya Jukwaani Inapokataa Kuwaka

Somo la leo ni juu ya taa kubwa za jukwaani, zile ambazo vichwa vyake hugeuka vyenyewe huku na huku wakati waimbaji wanapoimba. Taa za namna hii zilitumiwa mwaka 1981 huko Barcelona, nchi ya Hispania, katika onyesho la bendi ya Genesis ya Uingereza. Leo zimo katika kumbi nyingi duniani.

Tuanze na globu yake. Globu ya nyumbani ya zamani ina uzi mwembamba ndani. Uzi ukikatika, globu imekufa. Lakini globu ya nyingi ya taa hizi haina uzi. Ndani yake mna vyuma viwili vilivyoachana kidogo, pamoja na gesi na zebaki. Umeme huruka kutoka chuma kimoja hadi cha pili, mfano wa radi ndogo isiyokoma. Ili uruke mara ya kwanza, kifaa kiitwacho kiwashio hutoa volti maelfu kwa muda mfupi sana tu. Kisha kifaa cha pili, balasti, huzuia umeme usipite kipimo. Basi shikeni maneno matatu: globu, kiwashio, balasti. Taa nyingine za siku hizi hutumia LED. Hizo hazina globu ya namna hii, na somo letu halizihusu.

Sasa onyesho li karibu, na taa moja haiwaki. Mtu mmoja atapiga kelele, "Globu imekufa, leteni mpya!" Ngojeni. Globu hizi ni ghali, na huenda hiyo ni nzima kabisa. Tuulize kwanza.

Swali la kwanza: Je, kichwa kinageuka? Kama hakigeuki, wala feni hailii, tazameni plagi, waya na fyuzi. Kama kinageuka, umeme umefika ndani ya taa.

Swali la pili: Je, globu imeamriwa iwake? Mwendesha mitambo anaweza kuizima kutoka mezani kwake. Tena, yawezekana globu inawaka lakini kifuniko cha mbele kimefungwa. Tazameni matundu ya hewa. Mkiona mwanga humo, globu haina kosa.

Swali la tatu: Je, ilizimwa sasa hivi? Globu yenye moto kwa kawaida haikubali kuwashwa tena, kwa sababu gesi yake imebanana mno. Iacheni ipoe, nayo itawaka. Kuibonyeza swichi mara kwa mara ni kuichosha bure.

Swali la nne: Je, inawaka, kisha inazimika baada ya muda? Hapo shukuni joto. Vumbi likiziba feni na matundu, swichi ya joto huikata globu ili taa isiungue. Safisheni vumbi. Ikiendelea vile vile, globu yaweza kuwa imezeeka.

Swali la tano: Je, imefanya kazi saa ngapi? Taa nyingi huhesabu saa zenyewe. Linganisheni hesabu hiyo na kitabu cha mtengenezaji. Globu iliyopita umri wake, au iliyovimba, itolewe hata kama bado inawaka.

Baada ya maswali haya, tieni globu nyingine mnayojua kuwa ni nzima, ya aina ile ile iliyoandikwa kitabuni. Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu. Globu nzima ikiwaka, kosa limeonekana. Isipowaka, kosa li katika kiwashio, balasti au waya. Hapo iacheni, mwiteni fundi wa umeme. Volti za kiwashio huua.

Sikilizeni sasa kwa makini, maana hapa pana uhai wa mtu. Kabla ya kufungua taa, chomoeni plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Ngojeni taa ipoe kwa muda uliotajwa kitabuni, kwa kuwa globu yenye moto yaweza kupasuka. Vaeni miwani ya kazi na glavu. Msiguse kioo kwa vidole vitupu. Mafuta ya vidole hukiharibu kioo kinapopata moto. Kikiguswa, kipanguseni kwa spiriti na kitambaa safi. Msiiwashe taa ikiwa wazi, kwani miale yake huunguza macho na ngozi. Globu ikipasuka, watu watoke kwanza na hewa iingie, kwa ajili ya zebaki.

Mwenye haraka atasema onyesho haliwezi kungoja. Ndugu zangu, onyesho laweza kuendelea na taa moja pungufu. Jicho likiharibika, hakuna duka linalouza jingine.

Jibuni maswali haya katika madaftari yenu:

1. Kwa nini globu yenye moto haiwaki tena mara moja?
2. Kichwa kinageuka lakini hakuna mwanga. Mtatazama nini kwanza?
3. Kwa nini tunabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja?
4. Andikeni mambo matatu ya kufanya kabla ya kushika globu.

Someni majibu yenu kwa sauti mbele ya wenzenu.