Ufunguo wa Kompyuta ya Kikundi
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi)

Tumeombwa tuzungumze juu ya kompyuta. Tunaanza na swali la mama mmoja, katibu wa kikundi cha kufuga kuku: "Hii mashine inanikatalia kuweka printa, na mimi ndiye katibu. Kwa nini?"

Mnajua kisanduku chetu cha pesa chenye kufuli tatu. Mweka hazina huandika daftari lake bila kukigusa. Siku ya mkutano wenye funguo wanakuja, kinafunguliwa, pesa inahesabiwa, kinafungwa papo hapo. Hakuna anayekiacha wazi wiki nzima ati kesho pia kuna kazi.

Lakini kompyuta tunaiacha wazi. Hata sisi tulifanya hivyo. Ofisini tulikuwa na mashine moja na kila mtu aliingia kama msimamizi, yaani mwenye mamlaka yote. Ilikuwa raha, hakuna kukataliwa. Basi siku moja kijana akaleta flashi achapishe barua, kumbe ina virusi. Programu yoyote hubeba mamlaka ya yule aliyeifungua, kwa hivyo virusi navyo vikawa msimamizi. Vilizima programu ya kinga, vikajificha ndani kabisa, na fundi akalazimika kufuta kila kitu. Hesabu za mikopo za vikundi vinne zikaenda. Tuliandika upya kutoka kwa risiti miezi miwili, na risiti nyingine hazikuonekana. Kuna akina mama ambao mpaka leo hatujakubaliana nao nani alilipa nini, na hatuna uso wa kuwalaumu.

Sasa tuna akaunti mbili. Ya kazi za kila siku haina mamlaka ya kubadili mashine: unaandika barua, unajaza hesabu, unachapisha. Ya msimamizi tunaiazima kwa kazi moja tu. Katika Windows huna haja ya kutoka na kuingia upya. Unabofya programu kwa kitufe cha kulia cha mausi, unachagua maneno "Run as administrator", mashine inaomba neno la siri la msimamizi, na ni programu hiyo peke yake inayopewa mamlaka. Ukiifunga, mamlaka yamekwisha.

Jambo hili si geni. Amri iitwayo sudo, ambayo watu wa Linux huitumia kwa kazi hiyo hiyo, ilianza karibu mwaka 1980 katika chuo kikuu kimoja cha Buffalo, Marekani. Windows nayo, tangu Vista ya mwaka 2007, husimama yenyewe na kuuliza kabla ya kubadilisha kitu kikubwa.

Hapo kwa kuuliza ndipo watu wengi huanguka. Dirisha linatokea, mtu anabonyeza "Yes" kama anayefukuza nzi. Soma jina la programu kwanza. Kama hukuanzisha kazi yoyote na dirisha limetokea, kataa, halafu umwite mwenzako. Na ukitumia sudo usiondoke kwenda kunywa chai: hukumbuka neno la siri kwa dakika kadhaa, na atakayekaa kwenye kiti chako anaweza kuagiza atakalo.

Neno la siri lisibandikwe ukutani (tumeliona hilo, tena kwa kalamu nyekundu!). Mwenyekiti alijue, na nakala iwe kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya kile kisanduku.

Tusidanganyane: akaunti ndogo huilinda mashine, lakini virusi bado vinaweza kuharibu hesabu ambazo wewe mwenyewe una ruhusa ya kuziandika. Kwa hivyo kila Ijumaa nakala iende kwenye flashi, na flashi hiyo isikae imechomekwa.

Yule katibu? Mwenyekiti alipita asubuhi, akasoma dirisha, akaandika neno la siri, printa ikawekwa. Kabla chai haijachemka alikuwa amerudi shambani.