Kabla ya Kutoga Sikio
Ndugu wananchi wa Ntalikwa, kutoga masikio na pua ni desturi ya kale, hatukuja kuikataza. Tunawaomba mkague sindano kabla ya kuuliza bei. Iwe mpya, ifunguliwe mbele yenu, na mtogaji anawe mikono. Sindano iliyokwisha kumtoga mwingine huweza kubeba virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Kuipitisha kwenye moto wa kibatari hakutoshi. Ndewe hupona kwa wiki 6 hadi 8, gegedu la juu huchukua miezi. Ambaye makovu yake huvimba na atafakari kwanza. Kidonda kikitoa usaha, msipake majivu: nendeni zahanati. Hereni hununuliwa tena, afya hainunuliki.