Vifaru wa Garamba na Bustani za Wanyama

Katika nyanda za Laikipia, karibu na mji wa Nanyuki nchini Kenya, wako vifaru majike wawili ambao hulindwa usiku na mchana na askari wenye bunduki. Mama anaitwa Najin na binti yake anaitwa Fatu. Hao ndio peke yao waliosalia, ulimwenguni kote, wa aina ya kifaru mweupe wa kaskazini. Dume hakuna. Dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa papo hapo katika hifadhi ya Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018, akiwa na umri wa miaka ipatayo 45.

Askari walilichukua jina la mnyama huyu wakalipa gari lao la vita, na hapana shaka walifanya hivyo kwa sababu ya ngozi yake nene na nguvu zake. Lakini ngozi ya kifaru haizuii risasi. Mwaka 1960 vifaru weupe wa kaskazini walikadiriwa kuwa zaidi ya 2,000, wakiishi kaskazini-magharibi ya Uganda, kusini ya Sudan na ya Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kaskazini-mashariki ya Kongo. Kilichowamaliza si njaa wala maradhi. Ni pembe, kitu kilichofanyika kwa namna moja na kucha za mwanadamu, ambayo nchini Yemen ilitiwa katika mipini ya majambia na huko Asia ya Mashariki ikasagwa kuwa dawa. Na kila palipokuwa na vita katika nchi hizo, bunduki za vita zilikuwa pia bunduki za ujangili. Nchini Uganda, ambako walikuwako vifaru weupe na weusi, mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakusalia hata mmoja.

Ili kufahamu jinsi Najin na Fatu walivyonusurika, hapana budi kurudi nyuma mpaka mwaka 1975. Mwaka huo bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia, ilikamata vifaru sita huko Shambe, kusini ya Sudan, ikawasafirisha hadi Ulaya. Mmoja wao alikuwa Sudan, ambaye wakati huo alikuwa bado ndama. Mtu aliyeutazama msafara ule angeweza kusema kwamba ni mali nyingine ya Afrika inayobebwa kwenda kutazamwa na watu wa mbali kwa kiingilio, na asingekuwa amekosea. Walakini, vifaru walioachwa Shambe wameuawa wote. Wale waliochukuliwa ndio waliopata watoto na wajukuu.

Watoto hao, hata hivyo, walikuwa wachache mno. Kifaru aliyezoea uwanda mpana, akatiwa katika zizi la nchi yenye theluji, hazai kama azaavyo kwao. Najin alizaliwa katika bustani hiyo mwaka 1989. Fatu alizaliwa mwaka 2000, na baada yake hakuzaliwa mwingine hata mmoja. Katika bustani ya San Diego, Marekani, wa mwisho alikufa mwezi Novemba 2015 bila ya kuacha kizazi. Basi bustani iliweza kuchelewesha kifo cha ukoo huu, lakini haikuweza kuuongeza.

Wakati huohuo, nyumbani Afrika, kulikuwa na mahali pamoja ambapo ukoo uliongezeka, napo ni Hifadhi ya Taifa ya Garamba nchini Kongo, iliyoanzishwa mwaka 1938 katika mpaka wa Sudan. Mwaka 1984 vifaru wa Garamba walikuwa wamebaki wapatao 15. Doria zikaimarishwa, askari wa hifadhi wakapata mafunzo na vifaa, na vifaru wakazaliana mpaka wakafika kadiri ya 30. Hesabu hiyo yastahili kukumbukwa na kila mtu anayedhani kwamba wokovu wa wanyama hutoka katika bustani za ng'ambo peke yake. Askari waliotembea kwa miguu katika majani marefu, wakiwa na mishahara isiyo ya uhakika, walifanya katika miaka isiyozidi 20 kazi ambayo mazizi ya Ulaya na Marekani hayakuiweza.

Ndipo ulinzi ukavunjika. Kuanzia mwaka 2003 makundi yenye silaha yalivuka mpaka na kuua vifaru na tembo, na katika muda mfupi wakabaki vifaru wasiofika kumi. Mwezi Januari 2005 serikali ya Kongo ilikubali mpango wa kuwakamata watano na kuwapeleka Kenya kwa ndege, wahifadhiwe huko mpaka amani irudi. Mara upinzani ukazuka nchini. Ilidaiwa kwamba vifaru ni urithi wa taifa na wakiondoka hawatarudi, na mpango ukaachwa. Hoja ile ilikuwa ya heshima. Nchi iliyonyang'anywa mengi haiwezi kulaumiwa kwa kushikilia kilichobaki. Lakini heshima isiyokuwa na doria haikumfaa kifaru. Wapiganaji wa Joseph Kony kutoka Uganda walikuwa wamekwisha jichimbia katika Garamba, na mwezi Januari 2006 wanajeshi wanane wa Guatemala, waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa, waliuawa humo. Mwaka huo ndio wa mwisho ambao vifaru wanne walionekana kwa yakini. Walipotafutwa mwaka 2008 hawakupatikana. Mwanzoni mwa mwaka 2009 makao makuu ya hifadhi, Nagero, yalishambuliwa.

Mwezi Desemba mwaka huohuo, bustani ya Dvůr Králové iliwarudisha Afrika vifaru wanne: Sudan na Suni, ambao ni madume, pamoja na Najin na Fatu. Walipelekwa Ol Pejeta kwa tumaini kwamba jua na nyasi za kwao zingewaamsha wazae. Hawakuzaa. Suni akafa mwaka 2014, Sudan akamfuata, na uchunguzi wa madaktari umeonyesha kwamba Najin na Fatu hawawezi kubeba mimba.

Kilichobaki ni kazi ya maabara. Katika uhai wa madume mbegu zao zilikuwa zimehifadhiwa katika nitrojeni ya maji, ambayo baridi yake hushuka hadi nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwezi Agosti 2019 mayai ya majike hao wawili yalichukuliwa Ol Pejeta, yakasafirishwa mpaka Cremona nchini Italia, na huko yakaunganishwa na mbegu. Mwaka 2021 Najin alipumzishwa kwa sababu ya umri, na tangu hapo mayai hutoka kwa Fatu peke yake. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 viinitete vilivyowekwa akiba vilikuwa kama 30. Mama wa kuvibeba atakuwa kifaru mweupe wa kusini, ambaye ni jamaa wa karibu. Jaribio la kwanza lililofaulu, kwa kiinitete cha kusini, lilitangazwa mwezi Januari 2024: mimba ilikuwa imeshika, lakini mama alikwisha kufa kwa maradhi ya bakteria, na kijusi cha kiume cha siku 70, chenye urefu wa sentimeta 6.4, kikakutwa tumboni mwake. Wataalamu wana haraka, nayo ni haraka yenye sababu. Mimba ya kifaru huchukua kadiri ya miezi 16, na ndama wa kaskazini akizaliwa baada ya Najin na Fatu kufa, hatakuwako mkubwa wa ukoo wake wa kumfundisha desturi zao.

Si kila bustani imefika katika dhiki hiyo. Mwaka 2009 bustani hiyohiyo ya Dvůr Králové ilileta vifaru weusi watatu katika Mkomazi, Tanzania. Mwaka 2019 vifaru weusi watano kutoka bustani za Ulaya walipelekwa Akagera, nchini Rwanda. Nchini Uganda, shamba la vifaru la Ziwa lilianzishwa kwa vifaru sita wa kusini, wanne kutoka Kenya na wawili kutoka bustani moja ya Florida, Marekani, na mwaka 2009 likapata ndama wake wa kwanza. Mafanikio hayo yote yalihitaji jambo moja ambalo bustani haina: eneo kubwa lililozungukwa na watu waaminifu wenye silaha. Kama bustani ni ghala la mbegu, basi shamba liko kwingine, na shamba ndilo lenye wezi.

Gharama ya kulilinda shamba hilo inajulikana Garamba kuliko mahali pengi. Mwezi Oktoba 2015 askari watatu wa hifadhi na kanali mmoja wa jeshi la Kongo waliuawa huko wakipambana na majangili. Hata hivyo kazi haikuachwa, na mwezi Juni 2023 vifaru weupe 16 wa kusini walishushwa Garamba kutoka Afrika Kusini. Hao si ukoo uliopotea, ila wanakula majani yaleyale na kunywa maji ya mito ileile. Kuwalinda ni kazi ya askari wa hifadhi wa Kongo, ambao doria zao hupita katika mpaka uleule waliovuka wale waliomaliza vifaru wa kwanza.