Maana na Matumizi ya Neno "doch" la Kijerumani kwa Mtazamo wa Kiswahili

Miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi wa Kijerumani hukutana nayo mapema, na ambayo humchukua miaka kuyamudu, ni doch. Hutamkwa kwa o fupi, na mwisho wake husikika kama kh ya Kiarabu katika neno sheikh. Kisawe chake kinachozoeleka ni "lakini", nacho ni sahihi pale doch linapounganisha sentensi mbili. Katika mazungumzo, hata hivyo, kisawe hicho hakimfikishi mwanafunzi mbali.

Kazi yake iliyo nzito ni ya kujibu. Mjerumani akiulizwa swali kanushi, mathalani Hast du ihn nicht gesehen?, yaani "Hukumwona?", akisema nein, hakumwona, akisema doch, alimwona. Kiswahili kina utaratibu mwingine. Msemaji hukubali au hukataa kauli ya muulizaji, si tukio lenyewe: "Ndiyo, sikumwona", "La, nilimwona." Kwa hiyo "ndiyo" hii ni nein, na "la" hii ni doch. Mkalimani wa mahakamani anayefasiri "ndiyo" kuwa ja, pasipo kutazama swali, aweza kumfanya shahidi ambaye hakumwona mshtakiwa aonekane kuwa alimwona, na kumbukumbu ya kesi ikaandikwa hivyo. Tatizo huzidi kwa kuwa wapo wasemaji wa Kiswahili, hasa waliozoea Kiingereza, wanaojibu "hapana" wakiwa na maana ya "sikumwona". Mkalimani mwangalifu huomba jibu lenye kitenzi.

Doch pia huingia katikati ya sentensi bila kutiliwa mkazo. Hapo ni kijineno cha kukoleza usemi, aina ambayo Harald Weydt aliichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwa kulinganisha Kijerumani na Kifaransa. Laiti angelinganisha na Kiswahili! Ich habe es dir doch gesagt ni "Si nilikwambia!", na "si" hii haikanushi chochote; humkumbusha msikilizaji jambo analolijua. Komm doch herein, anayoambiwa mgeni anayesitasita mlangoni, ni "Ingia basi". Wenn er doch käme ni "Laiti angekuja". Doch likitiliwa mkazo, Er ist doch gekommen hukaribia "Kumbe amekuja", alhali ilidhaniwa kuwa hatakuja.

Katika mifano yote hiyo, nyuma ya kauli pana wazo la kinyume ambalo msemaji analiondoa. Kijerumani hutumia neno moja. Kiswahili hugawa kazi hiyo, na mgawo wenyewe una faida yake. Mgonjwa akijiandaa kwenda kazini, Mjerumani atamwambia Du bist doch krank! Mswahili lazima achague. Akisema "Si unaumwa?", anatarajia kukubaliwa; akisema "Mbona unaumwa!", anadai maelezo. Kijerumani huiachia sauti na muktadha tofauti hiyo.