Kikohozi Kisichopona: Kuiwahi Saratani ya Mapafu



Afanyaye kazi katika soko la Kariakoo na mitaa inayolizunguka hukohoa, wala hashangai. Mchukuzi husema ni vumbi la magunia. Mama lishe husema ni moshi wa mkaa. Mvuta sigara husema ni kikohozi chake cha siku zote. Hununua dawa dukani, kifua kikatulia, kisha kikohozi kikarudi. Hivyo miezi hupita, na ikiwa ni saratani ya mapafu, miezi hiyo ndiyo ya kukua kwake.

Ugonjwa huu hauumi mwanzoni. Nyama ya pafu haihisi maumivu, kwa hiyo uvimbe huweza kukua kimya mpaka ufike kwenye ukuta wa kifua au uzibe njia ya hewa. Ukigunduliwa ungali mdogo, huweza kukatwa na mgonjwa akapona. Ukiisha kusambaa, tiba hupunguza mateso na kurefusha maisha, lakini ni nadra kuuondoa kabisa.

Je, waweza kutafutwa kabla ya dalili? Huko Marekani wavutaji sigara wa miaka mingi, na walioacha, zaidi ya 53,000 wenye umri wa miaka 55 hadi 74, walipimwa kila mwaka kwa miaka mitatu. Nusu yao walipigwa eksirei ya kawaida. Nusu walipimwa kwa sitii skani ya mionzi michache, mashine ionyeshayo kifua tabaka kwa tabaka. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa katika kundi la sitii skani vifo vya saratani ya mapafu vilikuwa pungufu kwa asilimia 20. Lakini madoa mengi yaliyoonekana hayakuwa saratani. Nchini Tanzania, ambako kifua kikuu kimewaachia wengi makovu mapafuni, madoa ya namna hiyo hayakosi kuwa mengi.

Basi kwa mtu wa Kariakoo, kuwahi huanza na kutokidharau kikohozi. Kikifika wiki mbili, apeleke makohozi yakapimwe. Hospitali ya Mnazi Mmoja si mbali na soko, na katika vituo vya Serikali kifua kikuu hupimwa na kutibiwa bila malipo.

Hapo ndipo penye mtego. Kifua kikuu na saratani ya mapafu hufanana: kukohoa damu, kukonda, kuchoka, na doa katika eksirei. Mgonjwa huweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi sita kwa sababu ya picha tu, hali makohozi hayakuonyesha vijidudu. Mgonjwa huyo ana haki ya kumwuliza daktari kwa adabu: "Je, vijidudu vimeonekana?" Ikiwa havikuonekana, na baada ya wiki kadhaa hana nafuu, asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, bali arudi hospitali akaombe uchunguzi zaidi. Uthibitisho wa saratani hupatikana kwa kuchukua kipande kidogo cha uvimbe na kukipima. Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road zimo katika jiji hilohilo.

Katibu wa chama si daktari, lakini huwaona wanachama kila siku. Amwonapo mwanachama anakohoa mwezi wa pili, amshauri aende kupimwa, amwandikie tarehe kikohozi kilipoanza, na amtafutie mtu wa kushika zamu yake. Kwa mvuta sigara, amkumbushe kuwa kuacha hupunguza hatari hata baada ya miaka mingi ya kuvuta. Wako wanaushirika wa Tabora waishio kwa zao la tumbaku. Jasho lao ni halali, lakini ukweli kuhusu moshi wake haufichiki.

Shime, ndugu wanachama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gharama ya ukuta huu hailipiki kwa mkopo wa chama chochote.