KUPANDA KILIMA CHA MOTIGO KWA MIGUU

Watu wengi huiona nchi ya chai wakiwa ndani ya motakaa. Huona majani ya kijani yaliyokatwa sawasawa kama meza, kisha hufika mjini na kusema kwamba wamekwisha kuifahamu Kericho au Bomet. Lakini yako mambo yasiyojulikana ila kwa mtu atembeaye kwa miguu, na hasa atembeaye peke yake, kwa sababu huyo hana mwenziwe wa kuzungumza naye, basi macho na masikio yake yote huwa kazini.

Kilima cha Motigo si kirefu. Kiko karibu na Silibwet na hospitali ya Tenwek, katika Kaunti ya Bomet. Yafaa mtu aanze safari yake asubuhi, kwa maana katika nchi hiyo ya juu mvua hupenda kunyesha alasiri, na udongo mwekundu ukilowa huteleza sana.

Kwanza apaswa kujua adabu ya mahali. Wakipsigis hawakuzoea kujenga nyumba zao zikibanana. Kila mji husimama katika shamba lake, na miji kadhaa iliyo jirani hufanya kokwet moja, yaani ujirani wenye baraza la wazee lisuluhishalo ugomvi wa mipaka, mifugo na njia. Kwa hiyo kijia kipitacho kati ya nyua mbili kina wenyewe. Mgeni husalimu, “Chamge,” naye huitikiwa, “Chamge mising,” kisha huulizwa atokako na aendako. Asidhani kwamba anashukiwa. Ni desturi ya watu wenye kuangaliana. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Akiendelea atawakuta wachumaji wakichuma majani mawili na kichipukizi chake. Jani lililochumwa halingoji. Likirundikwa hupata joto na kuharibika, basi siku ile ile hupelekwa kwenye kituo cha kununulia, likapimwa, na lori likalichukua mpaka kiwandani. Ndiyo maana njia nzuri ni mali kubwa kwa mkulima wa chai kama shamba lenyewe: lori likikwama matopeni, kazi ya siku nzima hupotea.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Makampuni makubwa yalianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wameondolewa, na malalamiko juu ya ardhi hiyo hayajaisha hata leo. Kwa miaka mingi Mwafrika alichuma chai ya mwingine tu. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakulima wadogo walipata nafasi ya kupanda yao, na mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA la kuwahudumia. Tangu mwaka 2000 shirika hilo limekuwa kampuni yenye kumilikiwa na wakulima wenyewe kwa njia ya viwanda vyao.

Afikapo juu, mwenda kwa miguu aketi na kutazama. Upande wa kaskazini-mashariki nchi huinuka kuelekea Msitu wa Mau. Upande wa kusini huteremka kuelekea mji wa Bomet. Chini yake umo mto Nyangores, utokao Mau. Maporomoko yake karibu na Tenwek yamezungusha mashine ya umeme wa hospitali tangu miaka ya 1980. Mbele zaidi mto huo hukutana na Amala, ikawa Mara, unaonywesha wanyama wa mbugani na kuvuka mpaka hadi Tanzania, ukaingia Ziwa Viktoria. Lakini mto Kipsonoi, ambao nao watoka Mau, hupita Sotik na kuungana na maji ya Sondu, ukaingia katika ziwa hilo hilo upande wa Kenya. Mito miwili ya jirani, na nchi mbili zikinywa!

Hapo ndipo mtu huelewa jambo ambalo akiwa bondeni haliwazi. Mwaka 2001 sehemu kubwa za Msitu wa Mau zilitolewa ziwe mashamba, na hasara yake imesumbua watu wa mitoni tangu hapo. Lakini msitu mkubwa si wa kulaumiwa peke yake. Katika kila mteremko kuna chemchemi ndogo, na kando ya nyingi imepandwa mikaratusi kwa ajili ya kuni na nguzo. Mti huo hukua upesi na huleta fedha, lakini hunywa maji mengi. Chemchemi ikikauka, mama na watoto wa kokwet nzima hubeba mitungi kwenda mbali, ingawa mti ni wa mtu mmoja.

Shamba lina mwenyewe, lakini maji yapitayo ndani yake ni ya wote. Inafaa mikaratusi ipandwe mbali na chemchemi, na kando ya maji iachwe miti ya asili, nyasi na mianzi. Jambo hili halihitaji kungoja amri kutoka mjini. Wazee wa kokwet waliozoea kuamua mipaka ya mashamba waweza pia kuamua mpaka wa chemchemi, na kila mwenye shamba akaufuata.